Kabureta inamwaga petroli hata baada ya kubadili nido: jua kwanza inatokea wapi

Mkuu, umesema pikipiki yako ni 125 yenye injini aina ya CG, inadondosha petroli kwenye mpira mdogo wa chini ya kabureta, nido (kisindano kinachofunga njia ya petroli kikombe kikijaa) imeshabadilishwa mara mbili, na sasa fundi anakuambia ununue kabureta nzima. Usinunue bado. Kabureta ikivuja, wa kwanza kulaumiwa ni nido, lakini kwenye kabureta hizi petroli ina njia tatu za kufika kwenye mpira ule, na nido inahusika na moja tu.

Ukifungua kikombe cha kabureta, yaani bakuli la chini linalokaa petroli, ndani utaona mrija mwembamba wa shaba umesimama wima. Juu uko wazi, chini unatokea kwenye mpira. Kazi yake ni kuokoa injini: petroli ikipanda kupita kiasi inaingia kwenye mdomo wa mrija na kumwagika chini badala ya kuelekea kwenye silinda. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na hapo mwenye kosa ni nido, siti yake (tundu ambalo ncha ya nido inakaa na kuliziba) au floti (boya linaloelea kwenye petroli na kuisukuma nido ifunge). Njia ya pili ni mrija wenyewe kuwa na ufa, au kulegea pale ulipopigiliwa kwenye kikombe. Ya tatu ni ile skrubu ya pembeni ya kumwagia petroli, maana nayo inatokea kwenye mpira huohuo. Ikikaa na mchanga kwenye ncha, inadondosha taratibu na wewe unabadilisha nido bure.

Kuzitofautisha, tafuta mpira laini unaoonyesha ndani, sentimita 30 zinatosha. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali pa tambarare, injini iwe baridi, pasiwe na sigara wala jiko karibu. Chomoa mpira wa chini, chomeka huo wa kuonyesha, uupandishe wima ubavuni mwa kabureta. Fungua koki, kisha legeza skrubu ya kumwagia mzunguko mmoja hivi. Petroli ndani ya mpira itasimama usawa uleule iliopo ndani ya kikombe. Ikitulia chini kidogo ya mstari ambapo kikombe kinakutana na mwili wa kabureta, nido na floti ziko sawa, kwa hiyo shida ni mrija au skrubu. Ikiendelea kupanda na kuupita mstari huo, funga koki mara moja: nido haifungi, au floti imekaa juu mno.

Kama kiwango kiko sawa, fungua kikombe. Safisha ncha ya skrubu ya kumwagia na tundu lake, ikaze kwa kiasi. Jaza petroli mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika mdomo wa mrija, weka kikombe juu ya kopo ili sehemu ya chini ionekane, subiri dakika 10. Ikidondosha wakati skrubu ni safi, mrija una ufa. Ukaushe uutazame juani huku ukiuzungusha: ufa huwa ni mstari mwembamba mweusi unaoteremka na urefu wa mrija, na ukipitisha ukucha unakwaruza kidogo.

Tiba bora ni kupata kikombe kizima kutoka kabureta nyingine ya aina ileile, na mafundi wengi wanazo za kukata spea. La sivyo, mrija unalehemika. Osha kikombe kwa sabuni, kikauke kabisa kisinuke petroli, sugua shaba kwa msasa laini, paka dawa ya kulehemia, halafu tumia pasi ya umeme ya kulehemia redio. Usitumie moto wa gesi, kikombe chenyewe kinayeyuka upesi. Na tafadhali, asije mtu akakushauri kuziba mdomo wa mrija ili kudondosha kuishe. Kudondosha kutaisha kweli, ila siku nido ikigoma petroli yote itaingia kwenye injini.

Sasa tuseme kiwango kimepanda. Kabla ya kufungua chochote, gonga ubavu wa kikombe mara chache kwa mpini wa bisibisi, kisha fungua skrubu ya kumwagia koki ikiwa wazi, ukikinga kwa chupa, sekunde 5 hivi. Mara nyingi ni chembe moja ya kutu imekaa kati ya nido na siti, na mkondo huo unaiondoa. Ikirudia, ndipo ushushe kabureta.

Kipimo cha mezani hakihitaji chombo. Kikombe kikiwa kimetolewa, geuza kabureta kichwa chini ili uzito wa floti uikandamize nido, chomeka mpira safi kwenye njia ya kuingilia petroli, upulize kwa mdomo. Pumzi isipite hata kidogo. Ukiigeuza kawaida, ipite bila shida. Usitumie kompresa hapa, utaharibu nido na floti.

Pumzi ikipita, tazama ncha ya nido. Ile raba nyeusi ikiwa na duara lililochimbika, nido imekwisha. Bonyeza kijipini kidogo cha mgongoni. Lazima kirudi chenyewe kwa springi. Lakini kwako nido mbili mpya zimeshindwa, na hapo ndipo siti inapoingia. Kwenye kabureta nyingi za CG siti ya shaba imeshindiliwa kwenye mwili na haiuzwi peke yake, kwa hiyo watu hubadilisha nido na kuiacha siti na uchafu wake uliogandamana. Chukua kijiti cha kusafishia masikio, kikate, paka dawa ya meno au dawa ya kung'arishia shaba, kizungushe ndani ya siti kwa vidole kwa dakika 2 au 3. Badilisha kijiti mpaka kitoke bila weusi. Osha kwa petroli, puliza, rudia kipimo cha pumzi. Msasa usiingie humo kabisa, mkwaruzo mmoja unatosha kuiharibu siti moja kwa moja. Ikiwa siti ina shimo la kutu, hapo ndipo namkubali fundi wako: nunua kabureta.

Floti nayo itikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, imetoboka na imenywa petroli, haina tena nguvu ya kuisukuma nido. Ukiwa na shaka izamishe kwenye maji ya moto, pale ilipotoboka patatoa mapovu. Kama ni nzima, shika kabureta kwa ubavu ili kile kilimi cha chuma cha floti, kinachoisukuma nido, kiiguse nido tu bila kukibonyeza kijipini: mshono wa floti unatakiwa uwe sambamba na uso wa kabureta. Ukikunja kilimi, kunja kidogo sana. Pini ya floti isukume bila kulazimisha, maana zile nguzo mbili zinazoishikilia zikivunjika kabureta imekufa.

Wakati wa kufunga, oringi ya kikombe (raba ya duara inayozuia kuvuja) itakusumbua, kwa sababu ikilowa petroli inavimba na haienei kwenye mfereji wake. Usiivute wala kuikata. Iache kivulini saa kadhaa, itasinyaa. Usipake silikoni: petroli inailegeza, inakatika vipande, vinaziba jeti, vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Usioshe raba kwa tina. Skrubu za kikombe zikaze kwa zamu na kwa mkono mwepesi, uzi wa kabureta ni laini.

Uchafu ulioikwamisha nido umetoka kwenye tangi. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona kutu, mwaga yote, suuza, safisha chujio la koki, na ongeza chujio dogo la kwenye mpira wa mafuta. Petroli ya chupa za barabarani ichuje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ukilaza pikipiki au kuipakia kwenye gari, funga koki.

Jambo la mwisho lifanye leo kabla hujapiga kiki: chomoa kijiti cha oili, ukinuse. Kama inanuka petroli au imepanda kupita alama ya juu, petroli imepita silinda na kushuka chini. Oili hiyo haina tena unene wa kulinda bearing wala ringi. Imwage yote, weka mpya ya 20W-50, takriban lita 1 kwa injini hizi, lakini ufuate alama ya kijiti. Imwage baada ya kuvuja kuisha kabisa, vinginevyo utaharibu na hiyo mpya.