Barua kwa mwanangu: moshi wa nani tuuzike?

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Umeniuliza kama nchi inayoandika kwenye sera yake ya tabianchi kwamba itanasa hewa ya ukaa na kuizika ardhini inatafuta dawa, au inatafuta kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa ya mawe. Yote mawili yanawezekana. Mimi hutazama kwanza ni moshi wa nani unaonaswa.

Chukua saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa tanurini hutoa hewa ya ukaa iliyofungamana ndani ya jiwe lenyewe. Hata tanuri likipashwa moto kwa umeme wa jua, hewa ile itatoka tu. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji huzaliwa hivyo, na watu wataendelea kujenga. Hapo kunasa naona ni haki. Kule Brevik, Norwei, kiwanda cha saruji kilianza kazi hiyo mwaka 2025, kwa lengo la tani 400,000 kwa mwaka.

Umeme wa makaa ni habari nyingine, maana jua, upepo na jotoardhi vipo. Isitoshe, kimiminika kinachonyonya hewa ya ukaa kutoka kwenye moshi lazima kipashwe moto ndipo kiiachie, na moto huo unakula nishati nyingi. Mtambo wa kunasa wa Petra Nova, kwenye kituo cha umeme wa makaa huko Texas, Marekani, ulioanza 2017, ulisukuma hewa yake kwenye visima vikongwe ili mafuta zaidi yatoke. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2020, mtambo ukazimwa hadi 2023. Sera ya namna hiyo inaniuma, kwa sababu hewa inaendelea kuchafuka huku watu wakisubiri soko.

Unaogopa pia kwamba hewa iliyozikwa itavuja. Sleipner, machimbo ya gesi asilia ya Norwei katika Bahari ya Kaskazini, wamekuwa wakizika tangu 1996, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kila mwaka, ndani ya mchanga-mwamba wenye maji ya chumvi, zaidi ya mita 800 chini ya sakafu ya bahari. Kina hicho kina mgandamizo mkubwa, hivyo gesi hujibana ikakaribia kuwa kimiminika, na juu yake kuna tabaka nene la udongo mgumu usiopitisha. Wataalamu huipima kwa mawimbi ya mtetemo wajue imefika wapi.

Lakini kilichowasukuma kuanza ni kodi. Mwaka 1991 Norwei ilitoza kodi kwenye hewa ya ukaa, kampuni ikapiga hesabu, ikaona kuzika ni nafuu kuliko kulipa. Linganisha na Gorgon, mradi wa gesi asilia wa Australia: gesi hiyo ilianza kuuzwa nje 2016, kuzika hewa ya ukaa kukaanza 2019, na kiasi kilichozikwa kimebaki chini ya kilichoahidiwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba kodi itangulie ruzuku ya kunasa na kuzika.

Kisha angalia nani atawajibika kampuni ikishaondoka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2009 kwa kawaida huiachia kampuni dhamana si chini ya miaka 20 baada ya hifadhi kufungwa, ndipo serikali ipokee. Rasimu ya sera uliyonitajia ikinyamaza juu ya hilo, waandikie kabla muda wa maoni haujaisha.

Mama yako