Majilio yenu ya kwanza: maneno ya katekista kwa waliobatizwa Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mlibatizwa usiku wa Pasaka, mkavaa nyeupe, mkapigiwa vigelegele. Sasa Dominika moja mtaingia kanisani mkute padre amevaa zambarau, maua yamepunguzwa altareni, na wimbo wa Utukufu hauimbwi. Msidhani kuna msiba. Mwaka fulani mtu mmoja alinivuta kanzu akaninong'oneza, "Katekista, nani ametutoka?" Ni Majilio. Na kwa kuwa watoto wa mafundisho huniuliza kila mwaka, neno hili halihusiani na maji. Limetokana na kuja, kumjilia mtu. Anayekuja ni Yeye, sisi tunangoja. Kwenye kungoja huko ndiko nilikoteleza miaka mingi.

Majilio ni Dominika nne za kujiandaa kwa Noeli. Ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo mwaka mwingine mnapata siku 28 kamili, mwaka mwingine 22 tu. Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima. Dominika ya tatu mnaweza kumwona padre amevaa rangi ya waridi, maana siku hiyo Kanisa linatuambia tufurahi, tumekaribia.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua daftari. Nikaandika: rozari tatu kwa siku, kufunga Jumatano na Ijumaa, Misa ya alfajiri kila siku, sura tano za Isaya kabla ya kulala. Nilifika siku ya tisa. Lakini kilichoniumiza hasa si kushindwa. Katika zile siku nane nilizoweza, nilikuwa nahesabu nani hakuja Misa ya alfajiri. Nilijua majina yao wote. Nilikuwa nimepiga magoti kimwili, moyoni nimekalia kiti cha mahakama.

Kwa hiyo, chagueni jambo moja. Dogo. Mimi siku hizi nasoma somo la Injili la siku kabla sijashika simu, basi. Likikushinda siku mbili, unaanza tena siku ya tatu bila kujitangaza.

Unyenyekevu wenyewe sikuupata kwa kuutafuta. Uliniangukia. Nilikuwa nimepangiwa kusoma somo la kwanza Dominika ya pili, nikafanya mazoezi wiki nzima mpaka mke wangu akalijua kwa kichwa. Asubuhi ile kiongozi wa liturujia akampa binti wa kidato cha pili. Hakunieleza kitu. Nilikaa benchi la nyuma nimenuna, nikingoja akosee. Hakukosea. Isaya akasomwa, watu wakasikia, wakaitikia "Tumshukuru Mungu," na Kanisa likaendelea bila sauti yangu. Halafu Injili ikamleta Yohane Mbatizaji, yule aliyesema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Sikuwa na pa kuangalia. Tangu hapo wanaojiandaa kusoma huwaambia hivi: jiandae kama utasoma, keti kama hutasoma.

Kuhusu subira, sisi wa Dodoma hatuna haja ya kitabu. Desemba ndiyo tunaangalia mawingu. Unapanda mtama au uwele kabla mvua haijashika, na baada ya hapo huna la kuamuru. Katika Waraka wa Yakobo kuna maneno yanayosomwa katika Majilio ya Mwaka A, yaani mwaka wa kwanza wa mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kwamba mkulima hungoja mazao, huvumilia mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Wa mjini huyasikia kama shairi. Sisi tunaikumbuka ile ya mwisho. Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku mbili tukashangilia, ikakata wiki tatu, mbegu ikaungua ardhini. Tulikopa mbegu kwa jirani tukarudia shamba lote. Kuvumilia kwenyewe ndiko huko, kuinama tena kwenye tuta lile lile huku ukijua hata hii inaweza kuungua. Anayekaa kivulini akisema "Mungu atajua" hajavumilia, amepumzika.

Mtapata pia kishawishi cha kumwekea Mungu tarehe. Nakijua. Ndugu yangu aliondoka nyumbani kwa hasira, nikasali novena ya Noeli, ile sala ya siku tisa ya kuanzia tarehe 16 Desemba, nikamwambia Mungu waziwazi: awe mezani tarehe 25. Hakuwa mezani. Nilikasirika hata kwenye sala za jumuiya yetu ndogo ya mtaani sikwenda mpaka Januari. Kilichonirudisha ni Yohane yule yule, safari hii akiwa gerezani, anamtumia Yesu wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Aliyembatiza ndiye anayeuliza! Na Yesu hakumkemea, wala hakumtoa gerezani. Alimtumia habari za vipofu wanaoona na viwete wanaotembea. Nami nasali bado. Ndugu yangu siku hizi hupiga simu, hasa akisikia mvua imeanza. Kurudi, hajarudi. Mkiwa na swali kama la Yohane, lipelekeni kwa Yesu mwenyewe, msilipeleke nyumba kwa nyumba.

Mambo machache ya kawaida. Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, msikiache mpaka tarehe 24, foleni huwa ndefu na padre amechoka. Nendeni wiki ya pili. Tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Utukufu utaimbwa, msishtuke tena. Michango ya Noeli katika jumuiya isiwagombanishe. Asiye nacho alete kuni, na mweka hazina asimsome jina mbele ya watu.

Na usiku wa mkesha njooni mapema, mje na vitenge vya kuwafunika watoto. Viti hujaa kabla kwaya haijaingia, na mtakaowakuta wamewatangulia kwenye viti vya mbele ni wale tusiowaona mwaka mzima. Wapisheni. Salamu muwape ninyi kwanza.