Barua kwa mwanangu: nyanya zako na kantangaze

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na sisi huku Ngarenanyuki hatujambo. Unauliza kwa nini nyanya zako za Mlandizi zinaungua majani na kutoboka matunda ilhali umepiga dawa kila wiki tangu ulipohamisha miche, na unataka nikutajie dawa iliyo kali zaidi. Hiyo sitakutajia.

Chuma jani moja lenye baka jeupe, ulielekeze juani. Ndani ya baka, kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, utaona kifunza cha kijani, urefu wake kama punje ya mchele, na nyuma yake vinyesi vyeusi mithili ya unga wa baruti. Huyo ni kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika Kusini, aliyeonekana hapa kwetu Arumeru mwaka 2014 na kwa kweli akajitangaza mwenyewe. Dawa inayolowanisha jani kwa nje haimfikii alipo. Inaowaua ni sisimizi, buibui na wadudu wengine wanaokula mayai yake. Mwaka uliofuata nilichanganya dawa mbili katika bomba moja na kuzidisha kipimo, kwa ushauri wa muuza duka mmoja, nikaishia kuvuna matenga 6 katika nusu ekari, na mama yako akawashwa macho siku tatu.

Basi anza na mikono. Kila asubuhi chuma majani yenye mabaka na matunda yaliyotobolewa, uyafukie katika shimo la nusu mita, wala usiyatupe pembeni mwa shamba, kwa sababu funza hukomaa humo humo na kutoka akiwa nondo. Kwa joto la Pwani mzunguko wake wote hauzidi mwezi mmoja, kwa hiyo ukiacha wiki mbili bila kuchuma, umeshamlea mwingine. Dawa yako iwe mbegu za ule mwarobaini ulio nyuma ya nyumba: zianike kivulini, uzitwange, uloweke gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, uchuje, kisha upige jioni, maana jua huiharibu upesi. Vidukari waliomo kwenye sukuma wiki wasikusumbue. Majivu na maji ya sabuni vinawatosha.

Jambo gumu kwako litakuwa msimu ujao, kwa sababu najua ulivyopanga kurudia nyanya. Funza wengi hujigeuza bundo (pupa), hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo, huko udongoni, na wakiibuka wakakuta nyanya, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo au hata mnavu, wameshapata makao. Panda mahindi au vitunguu, na ung'oe maotea yote ya nyanya, pamoja na yale ya karibu na bomba la maji unayoyaonea huruma.

Nunua pia kivutio chenye harufu ya nondo jike, ukitundike juu ya beseni la maji yenye sabuni, kimo cha miche. Hesabu madume yanayozama kila asubuhi kwa siku 7, kisha uniandikie idadi, nami nitakuambia kama nyanya zilizobaki zinafaa kupaliliwa au kung'olewa.

Baba yako