Mchukue, lakini usimkimbilie

Swali la wiki lililoulizwa na jarida ni hili: ukimwona mbwa anayeteswa na mwenyewe, mbwa aliyekwisha kuwa mwoga wa kila kitu, ungemchukua umfuge au ungetafuta mtoto wa mbwa uanze naye? Mimi naishi Mikindani na nimemchukua wa namna hiyo. Jibu langu ni ndiyo, mradi uwe tayari kungoja akuzoee kwa mwendo wake.

Huku Mtwara wengi wao wanatoka mashambani. Korosho zikianza kuanguka, watu wanahamia kwenye vibanda vya shamba kuokota, na mbwa anapelekwa kulinda magunia na kufukuza ngedere na nguruwe pori. Mzigo ukishafika chama cha msingi cha ushirika, watu wanarudi nyumbani na mbwa anabaki, pengine amefungwa kwenye mkorosho, mtu anapita siku moja moja kumtupia kiporo. Mwenyewe hajioni mkatili. Kwake mbwa ni kama jembe, kazi ikiisha linaegemezwa ukutani. Lakini tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, na mbwa wa shamba yumo.

Popi nilimkuta hivyo, mnyororo umemchuna shingo mpaka nzi wanatua. Mwenyewe aliniambia, "Mchukue tu dada, huyo hana faida, habweki wala hatishi mtu." Nikamwomba tuandikishane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Alicheka, akaona namkuza mbwa, ila akatia sahihi kwamba amemtoa kwa hiari na hana madai. Msimu uliofuata ulipokaribia, Popi amenona na manyoya yanang'aa, bwana yule akaja kumtaka arudi kulinda. Mwenyekiti akatoa nakala yake, maneno yakaishia hapo. Anayefikiria kuchukua mbwa wa mtu aanze na karatasi hiyo, kabla hata ya kutafuta bakuli.

Cha pili ni afisa mifugo: kupe, minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu wa Lindi na Mtwara wanakumbuka kampeni kubwa ya chanjo ya miaka ya 2010 hadi 2015, mradi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Nimesikia wengine wakisema "mbwa wa huku walishachanjwa." Waliochanjwa ni wale wa wakati ule, na chanjo hurudiwa. Mbwa usiyejua historia yake mhesabu hajachanjwa. Tena mwoga ndiye mwepesi wa kuuma akibanwa kwenye kona. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Sasa hofu yenyewe. Popi alipofika alijibana nyuma ya pipa la maji, na kila mgeni alitaka kumshika kichwa ili "ajue anapendwa." Nilikataa. Kwa mbwa aliyepigwa, mkono unaoshuka kutoka juu ni kipigo kinachokuja. Nilichompa ni mambo yasiyobadilika: chakula saa ileile, bakuli lilelile, mahali palepale. Kisha nakaa ubavu, simtazami, nachambua dagaa zangu. Siku akisogea, asogee. Asiposogea, kesho ipo.

Jifunze kumsoma. Mkia ulioingia miguuni kila mtu anaujua. Lakini akijilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, au akikuonyesha weupe wa jicho, anakuomba umpishe. Akinguruma usimpige, amekuonya kwa adabu. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya.

Kilichomtisha kuliko vyote ni mtu kuinama. Jirani akiokota kandambili yake, Popi analala chini na kujikojolea, maana mitaani kwetu anayeinama mbele ya mbwa anaokota jiwe. Nikawaeleza watoto wa jirani, wakaelewa upesi kuliko wakubwa. Fagio la chelewa nalo nililiacha limelala uani, dagaa pembeni yake, kila mara karibu zaidi, mpaka akawa anakula huku nimelishika. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi. Ngoma za unyago zikianza kulia, mpaka leo namweka stoo penye kimya, sishindani na hofu ile.

Nilisemwa pia kwamba nimeleta najisi. Ninaheshimu dini yangu: analala bandani, vyombo vyake ni mbali, na akigusa chombo chetu kwa mate, kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo imetufundisha habari ya mtu aliyemchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa. Nilipomkumbusha bibi wa nyumba ya pili, alinyamaza. Siku hizi ananiwekea vichwa vya samaki.

Kama nyumbani una mtoto anayetambaa, au ua wako uko wazi barabarani, usimchukue wewe. Msaidie apate mtu mwenye nafasi. Mtoto wa mbwa naye si njia ya mkato, kwani ukimlea kwa mawe atakuwa Popi mwingine.

Na mwenye shamba yule amepata mbwa mwingine msimu huu. Nimemwambia mbele ya mwenyekiti kwamba siku ya kuvunja kambi aondoke naye, na kwamba nitapita kuangalia.

Msomaji, Mikindani, Mtwara