Umefungiwa zabuni, usikimbilie kununua karatasi

Swali: PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma Tanzania, imetufungia kuomba zabuni mwaka mmoja. Nikisajili kampuni nyingine kwa jina la mke wangu, tunaweza kuomba zabuni?

Hapana. Swali hili naletewa kila mara na jibu halijabadilika. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inataka mmiliki halisi atajwe, yaani mtu anayeidhibiti na kufaidika nayo kampuni. Ukijificha nyuma ya mkeo, unaongeza udanganyifu mpya juu ya kosa la kwanza, na safari hii umemwingiza mwenzako. Kama unaamini umeonewa, nenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma kabla siku za rufaa hazijakwisha.

Swali: Mshauri mmoja hapa Area C, Dodoma, anatuuzia mpango wa uadilifu (taratibu za kampuni za kuzuia rushwa na udanganyifu) wa kurasa 40, tayari kabisa, tubadilishe jina tu. Unatosha?

Nimeshika mpango wa aina hiyo ambao ukurasa wa tisa bado ulikuwa na jina la kampuni nyingine. Mkurugenzi alikuwa ameusaini. Ndani ya nyaraka za zabuni kuna tamko la kuzuia rushwa, ambamo mzabuni anaahidi kuwa ana sera na mpango wa kuitekeleza. Watu wanasaini bila kusoma, halafu wanashangaa ahadi ile inapogeuka ushahidi dhidi yao.

Anza na kosa lililokufungia. Kama ni barua ya uzoefu iliyoghushiwa, nani aliileta, nani aliipakia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na kwa nini hakuna aliyepiga simu kwa taasisi iliyotajwa? Weka sharti: hakuna waraka unaopakiwa kabla mtu wa pili hajauthibitisha kwa aliyeutoa na kuweka saini yake. Kama kosa ni kupeleka rimu 150 za karatasi huku hati ya mapokezi ikisema 200, kaa na dereva na mtunza stoo wako kwanza. Kisha mpe mtu mmoja uwezo wa kusimamisha malipo, hata yale aliyoyaagiza mkurugenzi. Hapa wakurugenzi wengi hukasirika, lakini mara nyingi pesa ya "chai" ya mpokea mzigo huwa imetoka kwao. Mpango usiomgusa bosi usiulipie hata shilingi.

Swali: Sisi tuko wanne tu, tunauza vifaa vya ofisi. Nasi tunahitaji?

Ndiyo. Kurasa mbili zinawatosha, mradi wote wanne mnazijua.

Swali: Benki ya Dunia imetufungia miaka mitatu. Ikiisha jina linatoka lenyewe? Na kazi za Benki ya Maendeleo ya Afrika je?

Soma barua ya uamuzi, tafadhali. Adhabu ya kawaida ya Benki ya Dunia ni kufungiwa kwa masharti: miaka ikipita na masharti hayajatimia, unabaki nje. Ofisa wao wa uadilifu ndiye anayeridhika au kukataa, na anataka kuona mpango ukitumika, si ulioandikwa jana.

Kwa makubaliano ya 9 Aprili 2010, benki tano za maendeleo, ya Afrika ikiwemo, hutambuliana adhabu zinazozidi mwaka mmoja. Kwa hiyo miradi kama barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, inayofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, si mlango wa nyuma. Msidhani pia mtapita chini ya mkandarasi mkuu kwa kumletea kokoto; wakandarasi wadogo na wasambazaji wanaotajwa kwenye zabuni nao huguswa. Mwandikieni ofisa wa uadilifu wa Benki ya Dunia wiki hii, mkiwa bado na miaka mitatu mbele yenu.