Nilijiita mvivu, kumbe nilikuwa nimechoshwa na zoezi moja

Kwa miaka kama 6 hivi, safari yangu ndefu kwa miguu ilikuwa kutoka kitini hadi kwenye chaja ya simu. Si kwamba sikujaribu. Kila Januari nilinunua ari mpya: saa 11 alfajiri, raba miguuni, dakika 20 za kukimbia, njia ileile. Wiki ya tatu raba zinarudi chini ya kitanda, buibui anahamia. Nikajibandika jina la mvivu, na jina hilo likanikaa moyoni vibaya. Nikawa mtu wa kukaripia watu bure, usingizi wa mang'amung'amu, asubuhi mwili mzito kama gunia lililolowa.

Kilichonizindua ni kamba ya kuruka ya mwanangu, imetupwa sakafuni. Nikaiokota kwa utani. Niliruka mara 7, ya 8 ikanichapa ugokoni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kukimbia hakujawahi kunichekesha hata siku moja! Tena nikagundua sikuwa nimetazama saa. Nilipokuwa nikikimbia niliihesabu kila dakika, huku kichwani natafuna madeni na ugomvi wa jana. Kwenye kamba hakuna nafasi hiyo: ukiwaza deni, unachapwa.

Tangu hapo nabadilisha. Siku moja kutembea kwa haraka, nyingine kamba, nyingine kuchuchumaa na kuinuka na pushapu za ukutani (za chini zilinishinda, sioni aibu), na wikiendi muziki na kucheza mlango umefungwa. Hasira zilianza kupungua kabla kitambi hakijapungua hata kidole kimoja. Hilo ndilo lililonifanya niendelee, maana kitambi kina kiburi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Hakuna mahali umeandikiwa njia moja, wala kwamba dakika 5 hazihesabiwi. Kama umekaa muda mrefu, anza nazo hizo 5. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Sasa kosa langu. Nilipoonja utamu wa kubadilisha nikawa mlafi, vitu vipya 4 ndani ya wiki moja. Siku ya pili yake nilishuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta, mapaja yanawaka. Misuli ikipewa kazi isiyoizoea huuma zaidi siku ya pili au ya tatu. Ongeza kipya kimoja, kile cha zamani kibaki kama nguzo.

Na kama huzuni imekukalia wiki nzima-nzima, huli, hulali, huoni sababu ya kuamka, usiniachie mimi na kamba yangu. Nenda kwa mtaalamu. Mazoezi yatakusindikiza huko, hayachukui nafasi yake.

Mimi kamba nimefika mara 112 bila kuchapwa, na naona imeanza kunikinaisha. Kuna baiskeli ya jirani imeegeshwa tu muda wote. Leo jioni nitamuomba.