Dereva kasaini kuwa ajali ni yake. Mwenye Canter amepona?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Nina duka la vifaa vya ujenzi Gongo la Mboto, na Canter ninayochukulia mzigo Kariakoo. Namba zake ni za njano na bima nimekata ndogo, ya gari binafsi, maana sibebi mizigo ya watu. Wiki iliyopita dereva wangu, akirudi na mzigo, alimgonga kijana wa bodaboda pale Buguruni Sheli akamvunja mguu. Dereva huyu aliniandikia tangu anaanza kazi kwamba ajali yoyote ni juu yake. Kuna mtu ananishauri dereva akubali kosa, alipe faini, yaishe. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize. Na kama ameshakuomba hela ya "kuongea na wakubwa", usimpe.

Suala la kama gari lako ni la biashara nalipita haraka. Rangi ya kibao inaonyesha gari lilivyosajiliwa, lakini bima inauliza gari linafanya kazi gani. Kampuni za bima hutenganisha gari binafsi, gari linalobeba bidhaa za mwenyewe kwa ajili ya biashara yake, na gari linalobeba mizigo ya watu kwa malipo, ambalo ndilo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanalidai leseni ya usafirishaji. Wewe uko katikati. Saruji na nondo za dukani ni biashara hata kama hujawahi kumtoza mtu nauli ya mzigo. Kwa hiyo kampuni yako inaweza kukukana, au ikamlipa majeruhi kisha ikakurudia wewe. Hata hivyo wape taarifa ya ajali leo, kwa maandishi, na usidanganye gari lilikuwa wapi na limebeba nini.

Sasa hiyo karatasi aliyokuandikia dereva. Naziona kila mwezi: ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari, wino wa bluu, kidole gumba chini, na "shahidi" ambaye ni utingo wa gari hilohilo. Wenye magari huzitunza kwenye bahasha moja na kadi ya gari, kana kwamba ni bima ya pili. Ndugu yangu, makubaliano yako na dereva ni yenu wawili. Kijana wa bodaboda hakuyasaini. Dereva uliyemwajiri akizembea akiwa kwenye kazi uliyomtuma, majeruhi ana haki ya kukudai wewe, yeye, au wote wawili. Ungekuwa na hoja kama dereva angekuwa amechukua gari kimyakimya usiku kuhamisha vyombo vya shemeji yake. Kurudi dukani na mzigo wako si hivyo. Tena soma mstari wa kwanza: "Mimi fulani, dereva wa fulani." Wakili wa upande wa pili hatahitaji kuhangaika kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa wako. Umeshamthibitishia.

Kwa nini watu wanaiamini? Kwa sababu kwenye kesi ya trafiki anayesimama kizimbani ni dereva peke yake, akilipa faini wanadhani hesabu imefungwa. Hiyo ni jinai. Fidia ya mguu, matibabu na kipato kilichopotea ni madai, na hayo yana mlango wake. Hapo ndipo ushauri wa "akubali yaishe" unaponitia hasira. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inahesabiwa kuwa uthibitisho wa mwisho kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa. Dereva akikubali kosa ili kuokoa siku moja ya kazi, amekubebesha wewe kesi ya madai ambayo nusu yake imekwisha amuliwa. Kama kweli alizembea, akubali, ni haki yake na ni ukweli. Lakini asikubali kwa kuwa kishoka, yaani dalali wa kesi asiye na kibali, ana haraka.

Hawa vishoka wamezidi. Utawakuta nje ya kituo cha polisi, utawakuta hata kwenye benchi la wodi ya mifupa, na bahasha ya kaki kwapani, wengine wanajiita mawakili. Kwa mwenye gari wanauza "kumaliza kesi". Kwa majeruhi wanauza karatasi ya kusamehe kwa laki tatu taslimu, kabla hata plasta haijakauka, huku PF3 yake, fomu ya polisi ya matibabu, haijulikani iko wapi. Kuna wanaoahidi kukutafutia stika ya bima ya tarehe ya nyuma. Siku hizi kumbukumbu ya bima inakaa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na tarehe ya kuanza iko humo. Karatasi uliyobandika kwenye kioo haibadilishi kitu, ila inakuongezea kosa la kughushi.

Na nyie mnaotoa kirikuu au Fuso kwa hesabu ya siku mkisema "dereva amekodi, simjui", nanyi msilale. Mahakama itauliza nani anampangia kazi, nani anafaidika, na jina la nani liko kwenye kadi. Aliyeuza gari miaka miwili iliyopita bila kuhamisha umiliki naye ataitwa, ajieleze.

Kijana wa bodaboda ana muda wa miaka 3 wa kufungua madai. Kamtembelee hospitali, ila usisaini chochote huko, na dereva asiende peke yake.